Ukikuta kibubu cha kibaguzi kwenye duka la vitu vya kale, fanya hivi

Ndugu zangu mlioko Marekani, mkizoea kuzunguka kwenye maduka ya vitu vya kale au zile nyumba zinazouza vitu vya marehemu, ipo siku mtakikuta: kibubu cha chuma chenye sura ya mtu mweusi, midomo mikubwa myekundu, unamwekea sarafu kiganjani, unabonyeza nyuma, mkono unapanda anaimeza huku macho yanageuka. Vilianza kuuzwa miaka ya 1880, yani mtoto anafundishwa kuweka akiba na hapohapo anafundishwa kumcheka mtu mweusi. Inauma sana ukikishika.

Usikimbilie kukivunja. Wapo Wamarekani weusi wengi tu wanaovikusanya, wanasema vikipotea vyote kesho tutaambiwa mambo hayo hayakuwahi kutokea, na mi nakubaliana nao kabisa ila inategemea unakiweka vipi.

Kabla hujatoa hela kigeuze uangalie skrubu, kama inataka bisibisi ya nyota basi kuwa na wasiwasi, skrubu hizo zimeingia sokoni miaka ya 1930. Cha zamani vipande vyake vimekutana vizuri na rangi imelika pale mikono ilipokuwa inashika, cha kuigiza mara nyingi kina mianya, chuma kinaparuza, kutu imesambaa sawasawa kila mahali. Kama ni kipya kiache hapohapo, mtu kaona matusi bado yanauza akatengeneza mengine, ukinunua unampa sababu ya kuendelea.

Ukichukua cha kweli, tafadhali usikipange sebuleni juu ya kabati kama pambo. Bila maelezo kinaendelea na kazi ileile. Angalia wanavyofanya Jim Crow Museum (Jim Crow ni jina la zile sheria za kuwabagua weusi Marekani) pale Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, makumbusho iliyotokana na vitu alivyokusanya David Pilgrim, mwanasosholojia mweusi: kila kitu kinakaa pamoja na habari za sheria za ubaguzi, za watu walionyongwa na makundi, na za waliopambana. Na wewe andika kikadi, kilitengenezwa lini, kilikuwa kinauzwa kwa nani, kilikuwa kinadanganya nini kuhusu watu weusi. Afu pembeni weka picha ya mtu halisi wa wakati huohuo, mi ningeweka ya Ida B. Wells, mwandishi wa habari ambaye mwaka 1892 rafiki zake watatu waliuawa na kundi la wazungu Memphis akaanza kuchunguza mauaji ya namna hiyo na kuyaandika huku akitishiwa maisha. Mtoto akiuliza yule wa chuma ni nani, unaanza kwa kumwonyesha Ida.

Wafikirie na wageni watakaokuja kwako. Sisi tuliokulia Dar au Nairobi hatukutukanwa na vitu hivi tangu utotoni, kwahiyo ni rahisi kuviona vituko tu, lakini jirani yako Mmarekani mweusi pengine bibi yake alivikuta kwenye nyumba alizokuwa akifanya usafi. Mwambie kabla hajaingia chumba ulichokiweka kibubu, akisema hataki kukiona kifunike au kitoe, usibishane nae.

Ukishindwa kukaa nacho usimuuzie mtu usiyemjua atakifanyia nini, piga picha mbele, nyuma na chini kwenye alama za kiwanda, uwaandikie makumbusho kwanza uwaulize kama watakipokea ndo utume.