Vidonge vya mafuta ya samaki: geuza chupa kwanza

Usidanganyike na ile "miligramu 1000" iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa. Hiyo ni jumla ya mafuta. Geuza nyuma utafute EPA na DHA, ndizo omega-3 zenyewe, yaani aina ya mafuta hasa unayoyafuata kwenye vidonge hivi. Mara nyingi utakuta 180 na 120, yaani 300 tu. Meza ukiwa unakula chakula chenye mafuta, si tumbo tupu, la sivyo utacheua samaki hadi jioni. Tumbua kimoja unuse: kikinuka vibaya mno, mafuta yamechacha, tupa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Mjamzito aepuke mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A nyingi. Mimi siku ya dagaa simezi kabisa.