Tumbo la IBS: anza na kitunguu na maharage kabla hujaacha kula kila kitu

Kama tumbo lako linajaa gesi kila ukila, linasokota, ukienda chooni linatulia kidogo, alafu leo unaharisha kesho choo kigumu kama mawe, na hali hiyo imekaa miezi, inaweza kuwa IBS (irritable bowel syndrome, yaani utumbo unaovurugika mara kwa mara bila kuonekana ugonjwa kwenye vipimo). Mi nilimeza dawa za amiba mara nne ndani ya mwaka mmoja kwenye dispensari ya mtaani, bila hata kupimwa choo, na tumbo likabaki vilevile. Kwaiyo naomba upimwe kwanza. Na kama unaona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, una homa, tumbo linakuamsha usiku au umevuka miaka 50 ndo linaanza, hapo usicheze na chakula, nenda hospitali.

Ukishaambiwa ni IBS, kosa kubwa ni kuacha vyakula vyote kwa mpigo unabaki na uji na wali mweupe. Kuna mpango wa chakula ulioandaliwa na watafiti wa Monash University kule Melbourne, Australia, unaitwa low FODMAP. FODMAP ni aina za sukari ambazo utumbo haunyonyi vizuri, zinavuta maji, alafu bakteria wanazichachusha, ndo hiyo gesi. Unazipunguza wiki 2 mpaka 6, alafu unarudisha kimoja kimoja. Sio diet ya maisha, na kama umekonda au una mimba usiifanye bila mtaalamu wa lishe.

Sasa kwa jikoni kwetu, wa kwanza ni kitunguu maji, na kitunguu saumu nacho. Hapa ndo pagumu maana kila mboga inaanza na kitunguu, ila sukari yake inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwaiyo kata vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta mpaka vinukie, vitoe VYOTE, ndo uweke nyanya. Ladha inabaki kwenye mafuta. Ukichelewa ukaweka nyanya kwanza umeshaharibu, maana nyanya ina maji, vitu vyote vimeshaingia kwenye mchuzi. Au tumia majani mabichi ya kitunguu, yale ya kijani tu, sehemu nyeupe acha.

Maharage loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji, chemsha, yakianza kuchemka mwaga tena weka mapya, alafu ukipakua weka vijiko viwili vitatu sio bakuli zima. Chapati, maandazi na mkate pumzisha, kula ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo. (Ila kabla hujaacha ngano muulize daktari kipimo cha siliaki, ugonjwa ambao ngano inaumiza utumbo, maana ukishaacha kula ngano kipimo kinaweza kusema huna wakati unao.) Chai ya maziwa asubuhi kwenye tumbo tupu jaribu kuikata wiki mbili uone. Matunda: embe, tikiti na parachichi weka pembeni kwa muda, papai, nanasi na chungwa kwa kiasi hazina shida kwa wengi. Samaki, mayai na nyama havina hizo sukari kabisa, ila vikiogelea kwenye mafuta tumbo litalalamika kwa sababu nyingine. Soda pia punguza.

Chukua daftari, andika umekula nini, saa ngapi, tumbo likafanyaje. Andika na kama hukulala au ulikuwa na stresi, maana stresi peke yake inaweza kulivuruga tumbo hata ukila vizuri.

Kurudisha: chakula kimoja, siku tatu, leo kidogo, kesho zaidi, keshokutwa sahani ya kawaida. Likichafuka simama, ngoja litulie, ndo ujaribu kingine. Mi maziwa yalirudi vizuri kabisa, nilikuwa nayaonea bure miaka yote. Maharage vijiko vitatu naweza. Kitunguu hadi leo bado natoa vipande, na mama mkwe wangu kashazoea, ananitengea kisufuria changu.