Moyo bandia wa kopo: namna ya kuujenga na kuuonesha skuli

Mfano huu unafuata kanuni ya Jarvik-7, moyo bandia aliowekewa Barney Clark huko Utah, Marekani, tarehe 2 Disemba 1982: chumba kigumu, utando laini ndani yake, na hewa inayosukumwa kutoka nje. Clark aliishi siku 112, mipira ya hewa ikitoka mwilini mwake hadi kwenye mashine kubwa kando ya kitanda. Mwanafunzi akiujenga kwa mikono yake ataona kwamba kusukuma si tabu. Tabu iko kwenye vali, yaani vilango vinavyopitisha damu upande mmoja tu, na kwenye damu inayotuama.

Vifaa, vya kutafuta madukani Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba: kopo la plastiki ngumu linaloonesha ndani, la mililita 400 hadi 500, lenye kifuniko cha kuzungusha, puto moja, glavu ya mpira ya hospitali, bomba la sindano la mililita 60 lenye ncha ndefu, bila sindano, mita moja na nusu ya mpira mwembamba ule mafundi waashi wanaopimia usawa kwa maji, silikoni ya kubania vioo, uzi, ndoo mbili na beseni. Usitumie chupa laini ya maji ya kunywa. Ukivuta hewa itabonyea yenyewe badala ya kuvuta maji.

Pasha msumari moto, toboa kifuniko matundu matatu yaliyo madogo kidogo kuliko mpira, kisha kata mpira vipande vitatu, uingize kila kimoja kwenye tundu lake kwa nguvu. Fanya kazi hiyo nje, moshi wa plastiki una sumu. Mpira wa kwanza ni wa hewa: ncha ya ndani funga puto kwa uzi, ncha ya nje chomeka bomba. Puto lipulize mara mbili tatu kabla, lilegee. Wa pili ni wa kuingizia maji, wa tatu wa kutolea. Paka silikoni pande zote mbili za kifuniko na uiache siku nzima. Wengi huharibu hapa kwa haraka.

Sasa vali. Kata vidole viwili vya glavu, kata na ncha zake, ili kila kimoja kiwe kimrija kilicho wazi pande zote. Kimoja kivalishe mpira wa kuingizia, ncha iliyo ndani ya kopo. Cha pili kivalishe mpira wa kutolea, ncha itakayokaa ndani ya ndoo ya pili. Acha sentimita 3 zining'inie, kisha funga uzi. Maji yakitoka, kidole hufunguka. Yakitaka kurudi, hulala bapa na kuziba. Kikiwa kifupi hakizibi. Kikiwa kirefu mno hujikunja na kuzuia njia.

Vuta bomba hadi mwisho, zamisha kopo na mipira kwenye beseni, toa mapovu yote, funga kifuniko humo humo majini. Povu likibaki, nguvu ya mkono inaishia kulibana na maji hayaendi. Tia rangi nyekundu ya biriani kwenye ndoo ya kwanza, zamisha ncha ya kuingizia humo, kisha sukuma sekunde moja, vuta sekunde moja. Kwa mapigo 30 hesabu inatoa lita 1.8 kwa dakika. Pima kwa jagi. Ukipata chini ya lita moja na nusu, kagua vali. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa kama lita 5.

Jaribio lisilofaa kurukwa: inua ncha ya kutolea sentimita 30 juu ya kopo. Uzito wa maji utakinyonya kidole cha glavu ndani ya mpira. Upande wa kushoto wa moyo halisi husukuma kwa shinikizo la kama milimita 120 za zebaki, sawa na maji yaliyosimama mita 1.6, na vali hustahimili mapigo ya namna hiyo kama laki moja kwa siku. Vali ya kushoto ya Clark ilivunjika mwezi ule ule, akafunguliwa kifua tena kubadilishiwa.

Kisha dondosha majani ya chai kidogo ndani ya kopo, toa mapovu upya na uendelee. Mengine yatatoka, mengine yatajikusanya kwenye pembe za kopo, hayatikisiki. Damu ikituama hivyo huganda, na donge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Ndiyo yaliyomfika William Schroeder, aliyeishi siku 620 na Jarvik-7 kuanzia Novemba 1984. Waambie wanafunzi wachore kopo lisilo na pembe.

BiVACOR, moyo bandia wa siku hizi uliowekwa kwa mtu mara ya kwanza Houston, Marekani, Julai 2024, hauna utando wala vali: rota moja, yaani kipande kinachosukuma damu kwa kuzunguka, inazunguka ikiwa imeshikwa na sumaku, haigusi kitu.

Vidole vya glavu vibadilishe kila somo. Puto likague kwenye shingo, penye uzi. Huko ndiko linakoanza kupasuka.