Mkivutana na daktari kando ya mashine ya kupumulia

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na ugomvi mwingi ninaouona huanzia kwenye neno dogo. Daktari anasema "hali imetulia", maana yake presha haijashuka tangu jana kwa kuwa dawa inaishikilia. Ndugu wanasikia "anapona", wanawapigia simu walio mbali. Kesho yake wakiambiwa habari ya kuondoa mashine, wanahisi wamedanganywa. Nani asingekasirika?

Basi kabla ya kubishana, muulizeni hivi: "Dawa na mashine zikiondolewa leo, nini kitatokea? Na akipona kadiri unavyotarajia, atatutambua? Atapumua mwenyewe?" Ombeni mkae chini chumbani, si kusimama koridoni, na msemaji wenu awe mmoja.

Kijana mmoja aliniambia, "Sista, siwezi kumuua mama." Nikamuuliza, mama akiamka dakika tano aione hii mirija, angesema nini? Akanyamaza, kisha akatabasamu: "Angetugombeza wote." Hilo ndilo swali lenyewe. Haulizwi mtoto anataka nini, anaulizwa mama angetaka nini. Kama aliwahi kuandika au kutamka matakwa yake, mwambieni daktari mapema.

Bado hamkubaliani? Ombeni muda wa majaribio, yaani matibabu yaendelee kwanza, tuseme siku tatu, na mtaje dalili mtakazozitazama: je, oksijeni anayohitaji imepungua? Mkojo umerudi? Anafumbua macho dawa za usingizi zikipunguzwa? Siku ya kukutana tena iandikwe kwenye faili. Mnaweza pia kuomba daktari mwingine asiyemtibu amtazame, au kamati ya maadili ya hospitali, wanaosaidia kwenye maamuzi magumu kama haya, ikiwapo. Kutishia mahakama siku ya kwanza huwafanya madaktari waongee kama wanasheria. Nimeyaona.

Mkiambiwa ubongo umekufa, hilo ni jambo jingine, si koma: ni kifo, ingawa mashine bado inampumulisha. Ombeni mwelezwe vipimo vilivyofanyika. Mkono unaweza kusogea hata hapo, kwa sababu uti wa mgongo huusogeza wenyewe. Najua inavyouma kulisikia hilo.

Mkikubaliana kuondoa mashine, matunzo hayakomi. Ulizeni atapewa nini asisikie maumivu wala kuhangaika kupumua, na nani ataruhusiwa kukaa naye. Kisha mwambieni muuguzi azime kengele za mashine, maana bila hivyo mtakuwa mnatazama skrini badala ya uso wake.