Kulima spirulina Bukavu: joto kwanza, mbolea baadaye

Mwani wa baharini haulimiki Bukavu. Spirulina inalimika. Ni bakteria wa kijani-buluu anayependa maji ya magadi; Wakanembu wa Ziwa Chad wanaiita dihé na wameila tangu zamani.

Kinachoangusha wengi hapa ni baridi. Spirulina hukua vizuri kwenye nyuzijoto 30 hadi 37, na chini ya 20 karibu inasimama, hali usiku wa Bukavu hushuka hadi kama 15. Kwa hiyo anza na nyumba ya plastiki angavu, ndipo uweke ndani yake beseni la bashi (turubai) la mita 2 kwa 1. Jua likiwaka sana inua plastiki pembeni, maji yasipite nyuzi 40.

Kina cha sentimita 15 ni lita 300. Tumia maji ya mvua, uyeyushe bikaboneti ya soda kilo 2.4, chumvi ya jikoni kilo 1.5, nitreti ya potasiamu gramu 600, salfeti ya magnesi gramu 60 na fosfeti ya amonia gramu 30. Salfeti ya chuma, gramu 1.5, iyeyushe kwanza katika maji ya limau. Bila limau chuma hugeuka tope chini na spirulina haikipati.

Mbegu, yaani spirulina hai ya kuanzia, nunua kwa mkulima anayejulikana. Usichote kijani cha ziwani kamwe: baadhi ya jamii zake zina sumu ya ini. Mbegu changa itie kivuli, maana ikiwa nyepesi jua huiua, na uiongezee yale maji uliyoyeyushia chumvi kidogokidogo. Koroga taratibu mara nne kwa siku.

Funga kisahani cheupe kwenye kijiti, ukizamishe. Kikipotea machoni kwenye sentimita 3, vuna asubuhi: chuja kwa kitambaa chenye matundu ya mikroni 30 hadi 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), rudisha maji beseni, kamua chini ya jiwe. Papo hapo isukume itoke nyuzi nyembamba kama tambi, zikauke siku hiyohiyo kivulini penye upepo, chini ya nyuzijoto 60. Msimu wa mvua hapa ndipo mavuno huoza, basi usivune usichoweza kukausha. Uzi mkavu huvunjika kwa mlio, ukipinda, bado.

Kwa kila gramu 100 kavu ulizotoa, rudisha urea gramu 30, fosfeti ya amonia gramu 5 na salfeti ya magnesi gramu 3, ukizigawa kwa siku kadhaa. Urea nyingi kwa mkupuo huleta harufu ya amonia na beseni lote hufa. pH (kipimo cha ukali wa magadi majini) ibaki 9.5 hadi 10.5, ikikaribia 11 kaboni imepungua, ongeza bikaboneti.

Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini, tena ina chuma. Vitamini B12 yake, hata hivyo, sehemu kubwa mwili hauwezi kuitumia, basi samaki na mayai yasiondoke mezani. Mtu mzima hutosheka na gramu 5 kwa siku, zikitiwa kwenye uji au sombe (kisamvu) baada ya kuipua. Mtoto aliyevimba miguu kwa utapiamlo apelekwe kituo cha afya kwanza.