Oili Inavuja Chini ya Gari Kuukuu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Spana

Doa la oili chini ya gari linaonyesha mahali oili ilipoishia, si ilipotokea. Oili inayovuja juu ya injini huteremka yenyewe, na gari likiwa mwendoni upepo huipeleka nyuma. Ndiyo maana sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaweza kulowa chapachapa huku gasketi yake ikiwa nzima. Watu hubadilisha gasketi ya sampu, wiki mbili baadaye doa linarudi palepale, kumbe tatizo lilikuwa kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini.

Anza kwa kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Nyekundu huwa ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kijani au waridi yenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta. Ukikuta kimiminika chepesi, cha manjano hafifu, karibu na gurudumu, huenda ni mafuta ya breki: gari hilo lisitembee mpaka litengenezwe.

Pima kiwango cha oili gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kama 10. Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti pana karibu lita 1. Ongeza kidogokidogo, usipitishe alama ya juu. Taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka njiani, simama mahali salama na uzime injini papo hapo.

Safisha, kisha vizia

Injini ikiwa ya baridi, funika altaneta na distribyuta kwa mfuko wa plastiki, halafu sugua injini kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi. Petroli usiitumie kabisa. Futa, acha ikauke vizuri, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku, mbali na mikanda. Iache injini iungurume dakika 15, zima, kisha mulika kwa tochi. Poda iliyolowa hugeuka mchirizi mweusi. Fuata mchirizi huo kwenda juu na mbele mpaka ufike mahali ambapo juu yake pamekauka. Hapo ndipo chanzo. Upande wa nyuma usioonekana, tumia kioo kidogo chenye mpini.

Injini inapumua?

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa kazi. Sehemu ya moshi wa mwako hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Valvu ya pumzi, inayojulikana kama PCV, huurudisha kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Ikiziba kwa masizi, presha hupanda ndani na kusukuma oili nje kupitia gasketi na sili (mipira ya kuzuia oili) zilizochoka. Ukiweka gasketi mpya bila kuizibua valvu hiyo, nayo itavuja.

Kwenye magari mengi jaribio ni hili: injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, ni sawa. Ikirushwa juu, itoe valvu uitikise. Nyingi zikiwa nzima hutoa mlio wa kugongagonga. Iliyo kimya badilisha, na mpira wake uukague. Ukishaweka mpya na presha bado ni kubwa, huenda ringi zimekwisha, na gasketi peke yake haitatibu.

Gasketi ya tapeti kava

Hii ndiyo huvuja zaidi kwenye injini kuukuu. Joto la miaka huifanya ngumu: ukiikunja ile ya zamani hukatika kama kijiti kikavu, ilhali mpya hupinda na kurudi. Oili yake ikidondokea ekzosi huleta harufu ya kuungua na inaweza kushika moto, kwa hiyo usiiahirishe. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, badilisha na sili za mashimo hayo kwa wakati mmoja.

Kwangua mabaki kwa kipande cha plastiki, kwa sababu bisibisi itachimba alumini. Futa nyuso zote mbili zikauke. Silikoni tia tone la ukubwa wa kunde tu, kwenye kona ambapo silinda hedi (kichwa cha injini) inakutana na kava ya mbele. Ukiipaka kote, ziada hukatikia ndani na kuziba chujio la pampu ya oili. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Bolti za milimita 6 kwa kawaida hutaka nyuton-mita 8 hadi 10 tu. Fuata kitabu cha gari. Kukaza kupita kiasi hupinda kava na kuiminya gasketi itoke.

Sehemu nyingine

Filta: hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, paka mpya oili, kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa. Nati ya kumwagia oili: weka washa mpya. Swichi ya presha ya oili ikilowa kwenye kichwa cha waya, ibadilishe nzima. Ukiingia chini, gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi.

Oili sili ya mbele ya krenki ikivuja, kagua pia taimingi belti, kwani oili huozesha mpira. Sili ya nyuma inahitaji kushusha giaboksi, basi jiridhishe kwanza kwamba oili haiteremki kutoka tapeti kava kwa nyuma. Dawa za kulainisha sili husaidia matone machache kwa muda, hazizibi gasketi iliyopasuka. Kama sili hiyo ya nyuma inavuja tone moja moja na klachi haitelezi, unaweza kusubiri mpaka siku ya kubadilisha klachi, huku ukipima oili kila wiki na kuandika kiasi unachoongeza.