Somo: Kubadilisha plagi kwenye injini kuukuu bila kula thredi

Injini iwe imepoa kabisa. Gari lililolala usiku kucha ndilo zuri. Hedi (kichwa cha injini) ya alumini ikiwa ya moto huing'ang'ania plagi, ukilazimisha inatoka na thredi za hedi, yaani mikato ya skrubu ndani ya shimo. Chomoa kebo ya hasi ya betri.

Fanya plagi moja moja. Ukichomoa waya zote bila kuzitia alama utavuruga mpangilio wa kuwaka. Shika kofia ya waya inayovaa plagi, izungushe kidogo, ndipo uvute. Usivute waya wenyewe, hukatikia ndani usikokuona.

Puliza vumbi litoke kwenye shimo kabla ya kulegeza, mchanga usije ukaingia kwenye silinda. Boksi (spana ya kuvisha) ya plagi ni ya 16 au 21 mm kwa injini nyingi za zamani. Plagi ikigoma, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha uilegeze na kuirudisha kidogo kidogo.

Itazame iliyotoka. Kahawia au kijivu, injini iko sawa. Masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Imelowa oili, shuku ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe, joto limezidi.

Gepu ya plagi mpya, yaani nafasi ya cheche kwenye ncha, ipime kwa fila (vibati vya kupimia unene) kufuata kitabu cha gari. Ukirekebisha, kunja mkono wa pembeni wa ncha tu.

Sasa kufunga, na hapa ndipo watu huumia. Niliwahi kuanza na spana kwa kujiamini, nikala thredi za silinda ya tatu. Siku hizi navika kichwa cha plagi kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole: ikikaa upande, mpira unateleza wenyewe. Ikishagusa, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma shingoni) ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Ya koni isiyo na washa, 1/16 tu.

Nipake grisi kwenye thredi?
Hapana. Nyingi huja zimepakwa madini tayari, na grisi hukufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Nimemaliza, gari linamisi (silinda moja au zaidi haiwaki vizuri).
Zima kwanza, umeme wa plagi ni maelfu ya volti. Halafu angalia kama waya mbili zimebadilishana au kofia haijabana.

Plagi yangu ina oili juu, ncha kavu.
Hiyo si ringi. Oili inavuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu au sili za mirija ya plagi. Ifyonze kwa kitambaa kabla ya kufungua, la sivyo yote itamwagikia ndani.